Kadzama Ndani ya Gari la Kukodi

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimekaa nyuma ya usukani wa gari ambalo si langu, nimevaa suti ambayo ni yangu. Laiti ningejivunia suti peke yake, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kwa aliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Mwanangu Tinga anataka kumuoa Nyamvula, binti wa Mzee Erastus wa Mtongwe. Mzee huyo alinipigia simu kuuliza kama atume tuktuk ije kutupokea kituoni. Mimi, Gershom, niliyeanza kazi bandarini nikibeba magunia, nikasoma masomo ya jioni miaka saba mpaka nikastaafu karani, nikapokewe na tuktuk? Nikamjibu, "Usijisumbue mkwe wangu. Nitakuja na gari langu."

Sina gari. Sijawahi kuwa nalo.

Nilipomweleza Tinga, alishika kichwa. "Baba, si nilikwambia juu ya dadake?"

Kweli aliniambia. Dada mkubwa wa Nyamvula aliposwa, akaolewa, na mtu aliyekuja na gari la kukodi akidai ni lake. Mzee Erastus alipogundua, alikwenda mwenyewe akamchukua binti yake, akamrudisha nyumbani, na akaapa mbele ya majirani kwamba mwongo wa pili hatakanyaga ua wake.

Ningeweza kupiga simu nikasahihisha neno moja. Badala yake nilikwenda Magongo nikakodi gari. Ndivyo kiburi changu kilivyo, na nakiandika hapa kwa kinyaa kilekile ambacho mtu huwa nacho akikuta nywele kwenye mchuzi.

Mwenye gari anaitwa Mussab, kijana wa watu, kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi. Alinizungusha kwenye ile Vitz yake nyeupe kama anayenionyesha mtoto mchanga.

"Mzee wangu, wenda nalo wapi?"

"Kisauni. Mkutano wa kanisa."

"Vizuri. Gari hili halendi upande wa Kusini bila ya mimi kujua. Tena halipakii samaki, wala mbuzi, wala tembo. Ndilo nimpandishalo mamangu."

"Tembo?" nikamkazia macho. "Kijana, mimi ni mzee wa kanisa. Tangu nizaliwe sijaonja."

Hilo lilikuwa kweli. Ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile kabla ya saa nne.

"Basi, wallahi, moyo wangu umetulia," akasema, akachukua kitambulisho changu akakitia mfukoni mwa kanzu. "Hiki nakuwekea. Ukirudi utakikuta."

Binamu yangu Mwidani alinisubiri kando ya barabara, pale Chaani. Yeye ndiye msemaji wetu, mkubwa wangu kwa miaka minne, na koo lake halijawahi kukauka. Miguuni pake palikuwa na mtungi wa manjano wa lita ishirini, mdomo wake umezibwa kwa makumbi ya nazi.

Hiyo ndiyo kadzama. Kwetu sisi, neno la posa halianzi mpaka mnazi, yaani tembo la nazi, uwekwe chini mbele ya wazee wa binti, na mtungi uwe umejaa. Ukipungua, umewadharau. Usipokuwepo, hukuja.

Harufu ilinifikia kabla hajafungua mlango. Harufu ya mkate uliolala majini siku tatu.

"Huo hauingii hivyo," nikasema.

Nikashuka. Nikayang'oa yale makumbi nikayatupa mtaroni. Nikakaza kifuniko cha plastiki kwa nguvu zangu zote, nikafunika nailoni mbili juu yake, nikafunga kwa mpira wa baiskeli.

"Karani, wafanyani?" Mwidani hajawahi kuniita kwa jina langu tangu nipate cheti.

"Naziba. Gari hili halitanuka uchafu wenu."

"Mnazi hauzibwi namna hiyo. Lazima upumue."

"Upumue! Una mapafu?"

"Umegemwa alfajiri hii, bado unachemka. Uache upumue, nakwambia."

"Mwidani, mimi nimesoma sayansi."

"Ya ngumbaru."

"Ya ngumbaru, na nikapita."

Akanitazama, akautazama mtungi, akaingia kiti cha nyuma akaukumbatia. "Haya. Wewe ndiwe mwenye gari."

Barabara mpya ya Dongo Kundu, ile iendayo Kusini, ni pana, na nakiri nilijisikia mtu. Tatizo lilikuwa mguu wangu wa kushoto. Udereva nilijifunzia pikapu ya zamani ya gia za mkono, na hii Vitz haina klachi. Mguu ulikuwa ukiitafuta na kukanyaga breki badala yake. Kila nikikanyaga, gari liliinama kama linalosujudu, na mtungi ukagonga kiti.

"Karani, wautikisa."

"Nyamaza."

"Siusemei mdomo wangu. Nausemea mtungi."

Tukaingia Mtongwe. Ukishaiacha lami, vichochoro vile vinapanda na kushuka, kuta za matofali upande mmoja, ua wa makuti upande mwingine, na katikati mfereji wa maji ya sabuni na yale yasiyotajwa. Gari lilipita kwa kukwaruza roho. Nilikuwa nimefika katikati ya mlima wa kwanza tuktuk iliposhuka mbele yangu, imejaa magunia ya makaa.

"Mzee, rudi nyuma!" dereva akapiga kelele.

"Rudi wewe!"

"Nirudi juu na mzigo huu? Babu, leseni ulipewa ama uliokota?"

Nyuma yangu wanawake wawili wenye ndoo walisimama kunitazama. Nikatia gia ya nyuma. Nikageuza shingo. Nikaanza kushuka kinyumenyume, jasho likiingia machoni, na mguu wa kushoto, huo huo, ukaitafuta klachi yake.

Gari likasimama ghafla. Mtungi ukaanguka.

Mwidani aliinama akaupapasa. Kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Karani. Mtungi umevimba."

"Umevimba vipi?"

"Kama tumbo la chura. Ubavu huu na huu."

"Usiuguse!"

"Naufungua kidogo tu upumue..."

"Usifungue ndani ya gari la..."

Sikumaliza. Palitoka mlio kama gurudumu la lori lililopasuka, na dunia ikawa nyeupe.

Nisameheni, wasomaji, lakini yaliyotokea nitayasema. Povu lilipiga dari likarudi chini. Liliingia masikioni mwangu, ndani ya kola, ndani ya matundu ya upepo, kwenye redio. Lilishuka kwenye kioo polepole kama makohozi. Kiti cha Mussab, kile anachokalia mamake, kilinyonya lita nzima mbele ya macho yangu. Suti yangu ilinigandia mgongoni, baridi, inanata. Nami nilikuwa nimefungua mdomo ili nipige kelele.

Ndivyo nilivyoonja tembo kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka sitini na minane.

Nilifungua mlango nikatapika kwenye ule mfereji.

"Tobaa!" akacheka yule wa tuktuk. "Wazee wamelewa na hata saa tano haijafika!"

Wale wanawake walijifunika pua kwa leso, wakapita pembeni yangu mmoja baada ya mwingine, bila kunisalimia. Mimi, ambaye kanisani husimamishwa kusoma.

Mwidani alitoka nyuma, povu limemjaa nyusi, ameshika mtungi uliopasuka ubavu mzima. Ndani yake kilibaki kiasi cha bilauri tatu. Alizitazama kwa huzuni ya kweli.

"Saa nne na nusu," akasema. "Wazee wa Erastus wanangoja mpaka saa sita. Hatuna kadzama."

"Tufanye nini?"

"Kuna mangwe hapo bondeni."

Asiyejua mangwe, ni banda la makuti linalouza mnazi, lenye mabenchi na inzi. Nimeishi pwani hii maisha yangu yote nikivuka barabara nisipite karibu nalo.

"Nenda wewe," nikamwambia.

"Mimi?" Akatikisa kichwa. "Mimi nikiingia watanikalisha, na mimi nitakaa. Unanijua. Nenda wewe usiyekunywa."

Kwa hiyo nikaenda, suti na tai, natiririka.

Mlangoni palikuwa na mtu amelala mdomo wazi, inzi wakiingia na kutoka kama walio kwao. Ndani, watu kumi hivi waligeuza vichwa waliponiona. Harufu ya jasho, mnazi mchachu na samaki wa juzi ilinipiga usoni. Kisha nikatambua kwamba nusu ya harufu ile ilitoka kwangu.

"Karibu baba," akasema mwenye mangwe, mama mnene mwenye kanga kiunoni. "Naona umeshaanzia kwingine."

"Mimi sinywi," nikasema.

Banda zima likaangua kicheko.

"Hata mimi sinywi!" akasema babu mmoja mwenye bilauri mkononi. "Mimi huonja tu. Msogezeeni mwenzangu nafasi!"

"Nataka mtungi wa lita ishirini. Ni kadzama. Nakwenda kuposa."

"Kuposa!" wakarukia. "Babu ataka kigoli!"

"Ni ya mwanangu!"

Wakaanza kuimba wimbo wa harusi huku wakigonga mabenchi. Mwenye mangwe alinijazia mtungi safi, akaukunja utepe wa makumbi akauziba kwa mkono wa mtu aliyefanya hivyo mara elfu.

"Usiuzibe kwa kifuniko, baba. Utapasuka."

"Najua," nikasema.

Hapo ndipo simu ililia. Mussab.

"Mzee wangu, mkutano waendeleaje?"

"Vizuri, kijana wangu. Vizuri sana. Tuko kwenye maombi."

Nyuma yangu mtu alipiga kigelegele na benchi likaanguka.

"Nasikia mwaimba."

"Ndiyo. Ni... kwaya."

"Mzee, gari langu lina kifaa. Simu yangu yanionyesha liliko. Yaniambia liko Mtongwe."

Nilihisi povu lililobaki masikioni likigeuka barafu.

"Hizo simu hukosea," nikasema.

"Hukosea, eh?"

"Sana."

"Haya, mzee wangu," akasema taratibu, na akakata. Sikuupenda ule utaratibu wake.

Tulifuta kioo kwa shati la ndani la Mwidani. Mtungi mpya ulikaa miguuni pake, unapumua makumbini kama mtoto aliyelala, na kila ulipopumua nikageuza uso dirishani. Nikapanda mlima wa kwanza. Nikashuka. Nikapanda wa pili, ule wenye nyumba ya Mzee Erastus kileleni. Niliona lango lake la bati la buluu. Zilibaki hatua mia moja.

Injini ikazimika.

Haikukohoa, haikulia. Ilizimika tu, kama taa. Nikageuza ufunguo. Kimya. Gari likaanza kurudi nyuma, nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, Mwidani akaruka nje akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Nini tena, Karani?"

Nilikuwa nimekumbuka maneno ya Tinga: hawa wa kukodisha wanaweza kulizima gari kwa simu wakiwa wamekaa vitandani mwao.

Lango la buluu likafunguka. Mzee Erastus akatoka mwenyewe, mrefu, shati jeupe, kikoi kipya, na wanaume wanne nyuma yake.

"Mkwe wangu! Gari limekataa?"

"Linanisumbua kidogo. Ni... plagi."

"Vijana, sukumeni! Mgeni hafiki kwangu kwa miguu."

Wakatusukuma mpaka ndani ya ua, mimi nimeshika usukani kama bwana harusi aliyebebwa. Chini ya turubai palikuwa na wazee sita kwenye viti vya plastiki. Nyamvula alikuwa mlangoni, kitenge kizuri, sinia la bilauri mikononi. Alinitazama suti, akainamisha macho. "Shikamoo baba."

Mzee Erastus alifungua mlango wa nyuma wa gari ili atoe mtungi. Harufu ikatoka kama mbwa aliyefunguliwa. Akarudi hatua mbili. Akaangalia dari, akaangalia viti, akaangalia inzi.

Nikajua tumekwisha.

"Kadzama ya kwanza ilipasuka njiani," Mwidani akasema haraka. "Hii ni ya pili."

Mzee Erastus akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika paa la gari.

"Wazee, njooni muone! Mnamkumbuka yule aliyemposa dadake Nyamvula? Alitandika magazeti kwenye viti. Kila tukigusa mlango anaruka. Sasa mtazameni huyu. Tembo limejaa mpaka darini, na ameendelea na safari yake. Mtu hafanyi hivi ila kwa kitu chake mwenyewe!"

Akanikumbatia, hivyo hivyo nilivyonata.

Wasomaji, uchafu wote wa siku ile, mfereji, mangwe, matapishi yangu mwenyewe, haukunikirihi kama kumbatio lile. Aliniamini kwa sababu ya uharibifu niliomfanyia mtu mwingine. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi hapo, mpana kuliko lango lake. Nilisema, "Ahsante, mkwe wangu."

Tukakaa. Mwidani akauweka mtungi chini, mbele ya wazee, umejaa. Nyamvula akatua sinia. Mzee Erastus akashika makumbi ili aufungue, kisha akasita.

"Kabla sijaonja. Mimi nimeshaumwa mara moja, mtanisamehe. Gershom, uliyotuambia yote, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, unasimama nayo mbele ya wazee hawa?"

Mwidani akanitazama. Nyamvula akanitazama. Nikawaza Tinga, amekaa nyumbani Changamwe na simu mkononi, kwa kuwa mwenye kuoa haji siku ya kadzama.

Nikafungua mdomo.

Pikipiki ikaingia langoni. Ilibeba mtu wa kanzu nyeupe.

Mussab alishuka, akamlipa mwenye boda, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Alisimama dirishani. Hakupiga kelele. Aligusa kiti kwa kidole kimoja, akakinusa, akakipangusa kwa kitambaa, akakitupa kitambaa. "Astaghfirullah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta kitu kimekufa ndani ya kisima chake.

"Nani huyu kijana?" Mzee Erastus akauliza.

Nina cheti cha masomo ya jioni. Nina miaka sitini na minane. Naweza kusoma mbele ya watu bila kukwama. Na katika maneno yote ninayoyajua, haya ndiyo yaliyotoka:

"Ni dereva wangu."

Mussab akageuka. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari. Kisha akaja mpaka chini ya turubai, akawaamkia wazee wote mmoja mmoja kwa adabu, shikamoo, shikamoo, mpaka akanifikia mimi. Mimi hakuniamkia. Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kitambulisho changu, akakiweka juu ya mtungi wa kadzama, picha ikitazama juu.

"Basi mweleze mkweo, bwana wangu," akasema taratibu. "Ni dereva gani huyu awekaye kitambulisho cha bwana wake mpaka arudishiwe gari?"

Inzi mmoja alitua kwenye uso wangu, ule wa kwenye picha.

Mzee Erastus aliinama, akakiokota, akavaa miwani.